Binamu wa Omena na Stima ya Moyo

(Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya, walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mji. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Waheshimiwa wahudumu wa afya, walimu wenzangu, wanafunzi, na akina mama mliofunga biashara mapema kule Dunga ili mje kunisikiliza: hamjambo nyote.

Tangazo lilisema nitazungumza juu ya samaki, na katika mji huu mtu akisema samaki watu huanza kuuliza bei. Samaki wangu wa leo hauzwi sokoni wala hapikwi. Urefu wake ni sentimita tatu hadi nne, ana mistari ya buluu iliyokolea kutoka kichwani hadi mkiani, na kwao ni Asia ya Kusini, kwenye vijito na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh. Wanasayansi humwita Danio rerio. Sisi tutamwita samaki pundamilia. Msimwone mgeni sana, kwa maana wataalamu wa uainishaji wamemweka katika familia iitwayo Danionidae, na omena wetu, yule dagaa wa ziwani, yumo katika familia hiyohiyo. Mama anayeanika omena leo anaanika binamu zake.

Nimekuja na dai moja. Ukitaka kujua dawa itafanya nini kwenye umeme wa moyo wa binadamu, moyo wa samaki huyu mara nyingi utakupa jibu la kuaminika kuliko moyo wa panya. Najua linasikika kama mzaha. Panya ananyonyesha, ana mapafu, na moyo wake una vyumba vinne kama wetu. Moyo wa samaki una vyumba viwili tu, kimoja cha juu cha kupokea damu na kimoja cha chini cha kuisukuma. Anayetazama umbo atamchagua panya. Mimi nawaomba tutazame stima.

Kila pigo la moyo hutanguliwa na umeme. Mwaka 1887, jijini London, Augustus Waller alionyesha kwamba umeme huo unaweza kupimwa kwenye ngozi, bila kumpasua mtu. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, akatengeneza chombo cha kuuchora vizuri, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Yale mawimbi mnayoyaona kwenye karatasi ya ECG hospitalini, P, QRS na T, yeye ndiye aliyeyapa herufi zake. P ni vyumba vya juu vikishikwa na umeme. QRS ni vyumba vya chini vikishikwa. T ni vyumba vya chini vikitulia ili viweze kupokea umeme mwingine. Kuanzia mwanzo wa Q hadi mwisho wa T ndio muda unaoitwa QT, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu sekunde 0.4.

Tukiingia ndani ya seli moja ya moyo, tunakuta chumvichumvi zikipishana kwenye milango midogo sana iliyomo katika utando wa seli. Sodiamu huingia kwa kasi, na umeme hupanda. Kalsiamu hufuata polepole, ikaushikilia umeme huo kileleni kwa muda, na hapo ndipo msuli unapojikunja. Kisha potasiamu hutoka, na seli hutulia. Mlango mkuu wa potasiamu unaoituliza seli ya moyo wa binadamu huitwa hERG. Dawa nyingi zimeanguka kwa sababu ya mlango huo mmoja, kwa hiyo jina hilo nitalirudia sana jioni hii.

Sasa mchukue panya mdogo mweupe wa maabara. Moyo wake hupiga mara 500, mara 600 kwa dakika, na wakati mwingine zaidi. Kwa mwendo huo seli haina nafasi ya kukaa kileleni. Umeme hupanda na kushuka hapohapo, na kazi ya kuituliza seli hufanywa zaidi na milango mingine ya potasiamu. Mlango wa hERG hauna kazi kubwa kwake. Ukimpa panya dawa inayoziba hERG unaweza kukaa hapo siku nzima usione kitu, ukaandika kwenye ripoti kwamba dawa ni salama.

Samaki pundamilia wa siku mbili au tatu, moyo wake hupiga kati ya mara 120 na 180 kwa dakika. Wakunga waliomo humu wanajua kwamba mwendo huo unakaribia ule wa mtoto aliye tumboni. Seli yake ina kilele. Kalsiamu ina zamu yake. Na mlango unaoituliza ni ndugu wa hERG. Samaki mzima akipewa nusukaputi na kuwekewa sindano ndogo za elektrodi, unapata P, QRS na T ambazo mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu angezisoma bila kuambiwa ni za nani.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye hERG, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Katikati ya miaka ya 1990, kundi la Christiane Nüsslein-Volhard mjini Tübingen, Ujerumani, na kundi la Wolfgang Driever huko Boston, Marekani, walizalisha samaki pundamilia kwa maelfu baada ya kuwapa kemikali inayoharibu jeni kiholela, kisha wakakagua watoto wao mmoja mmoja kuona nani amezaliwa na kasoro gani. Matokeo yalitoka Desemba 1996, na jarida moja la sayansi lilitoa toleo zima kwa kazi hiyo. Miongoni mwa samaki hao alikuwemo mmoja ambaye chumba chake cha juu kilipiga mara mbili kila chumba cha chini kilipopiga mara moja. Wakamwita breakdance. (Wanasayansi wa samaki wana majina yao. Miaka kadhaa baadaye walipata mwingine ambaye mlango huohuo ulikuwa unafanya kazi kupita kiasi, wakamwita reggae. Mimi sina la kuongeza.)

Kwa nini mbili kwa moja? Mwaka 2003 ilibainika kwamba kasoro ya breakdance iko kwenye jeni la samaki linalotengeneza mlango wa ukoo wa hERG. Mlango ukiwa mbovu, potasiamu inachelewa kutoka, na chumba cha chini kinachelewa kutulia. Umeme wa pili unapofika kutoka juu, unakikuta bado hakijawa tayari, na unapotea. Wa tatu unapofika kimeshatulia, kinapokea. Ni kama bawabu wa uwanja mwenye mkono mzito wa kukata tiketi: mmoja anapita, wa nyuma yake anarudishwa, anayefuata anapita. Moyo uliokuwa ukipiga mara 150 juu na mara 150 chini sasa unapiga 150 juu na 75 chini. Huhitaji mashine ya mamilioni kuliona hilo. Unahitaji hadubini, saa, na macho.

Mwaka huohuo wa 2003 David Milan na wenzake huko Boston wakauliza swali lililofuata. Kama jeni bovu linaleta mbili kwa moja, je, dawa inayoziba mlango huo italeta vivyo hivyo? Wakachukua kemikali 100, wakawaweka samaki wachanga kwenye maji yenye kemikali hizo, wakahesabu mapigo. Dawa zilizojulikana kurefusha QT kwa binadamu zilipunguza mapigo ya samaki, na nyingi zikaleta ile mbili kwa moja. Baadhi ya zilizokosa kuonyesha madhara zilikuwa hazijapenya ngozi ya samaki; zilipodungwa ndani, zikajionyesha.

Kwa nini watu wa Kisumu washughulike na QT? Kwa sababu QT ikirefuka mno, moyo unaweza kuingia katika mwendo wa hatari ambao Mfaransa François Dessertenne aliueleza mwaka 1966 na kuuita torsades de pointes: mawimbi ya ECG yanajisokota, damu haisukumwi, mtu anazirai, na wengine hawaamki. Terfenadini, dawa ya mzio iliyouzwa dunia nzima, iliondolewa Marekani mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Sisapraidi, dawa ya kiungulia, ikafuata mwaka 2000. Fikiria mtu amekwenda kutafuta nafuu ya mafua ya vumbi, anapata shida ya moyo. Tangu mwaka 2005 kuna miongozo ya kimataifa inayotaka dawa mpya ipimwe kwa hERG na kwa QT kabla ya kufika dukani.

Na sisi tuna malaria. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa mpakani mwa Thailand na Myanmar waliripoti kwamba halofantrini, dawa ya malaria, ilirefusha QT kwa kiasi cha kutisha. Lumefantrini, ambayo ni ndugu yake kikemia, haikuonyesha tabia hiyo ya hatari, na pamoja na artemetha ndiyo Kenya iliyoichagua mwaka 2004 kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida. Ndugu wawili wa kemia moja, mmoja anasumbua moyo, mwingine hausumbui. Huwezi kuwatofautisha kwa kutazama mchoro wa molekuli ubaoni, inabidi uzijaribu kwenye moyo unaopiga. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu nayo hurefusha QT, na ndiyo maana wagonjwa wake hupimwa ECG mara kwa mara.

Mtu asitoke hapa akaacha dawa zake. Nasema tena kwa wale waliokuwa wakinong'ona: asiache mtu dawa. Malaria na kifua kikuu huua watu wengi mno kuliko QT. Ninachosema kinamhusu anayeandika dawa. Aulize kama kuna mtu katika familia huzirai ovyo, aulize mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, na akumbuke kwamba aliyehara na kutapika siku mbili amepoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka hatari ya QT hupanda.

Kuna pia wanaozaliwa na QT ndefu. Utafiti uliofanywa Italia kwa watoto wachanga zaidi ya 44,000 ulikadiria mtoto mmoja kati ya 2,000 hivi. Watoto hawa huzirai wakishtuka au wakikimbia, na mara nyingi huambiwa wana kifafa. Katika aina moja ya ugonjwa huo kuogelea ni kichocheo kinachojulikana vizuri. Tunaishi kando ya ziwa, kwa hiyo nalitaja, ingawa wengi wanaozama hapa huzama kwa kukosa jaketi la kuokoa maisha na hilo halihitaji maabara. Lakini mtoto anayezirai ndani ya maji au uwanjani anastahili ECG kabla ya kupewa dawa za kifafa za miaka mitano. Tangu mwaka 2013 imewezekana kuhariri jeni za samaki pundamilia kwa zana iitwayo CRISPR, ukatengeneza kwake kasoro ya jeni inayofanana na ile ya mgonjwa, na kutazama kama ni kasoro yenye madhara au ni tofauti tu ya kawaida ya kibinadamu. Jenomu yake nzima, yaani maelezo yote ya urithi wake, ilichapishwa mwaka huohuo, na takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina angalau jeni moja linalolingana nazo kwa samaki huyu.

Sijasema lolote bado juu ya uwazi wake. Yai lake hutagwa na kukua nje ya mwili wa mama, na kichanga chake ni angavu. Unaona damu ikipita. Unauona moyo wenyewe, mdogo kuliko nukta hii ninayoichora ubaoni, ukipiga akiwa na siku moja tu tangu yai kurutubishwa. Jambo la pili ambalo huwashangaza madaktari ni kwamba kwa siku zake za mwanzo hahitaji moyo ili aishi. Ni mdogo kiasi kwamba oksijeni humfikia kutoka kwenye maji moja kwa moja. Kuna samaki waliozaliwa na moyo usiopiga kabisa, wanaitwa silent heart, na wanaendelea kukua kwa siku kadhaa. Panya mwenye kasoro kama hiyo angekufa tumboni, nawe usingejua umeme ulikwama wapi.

Uwazi huo umewapa watu nafasi ya kufanya mambo ambayo mimi, niliyefundishwa fiziolojia kwa moyo wa chura na kalamu ya wino, huyasoma nikitikisa kichwa. Mwaka 2010 kundi moja lilichapisha katika jarida la Science namna walivyoweka kwenye seli za moyo wa samaki protini zinazoitikia mwanga, wakamulika sehemu moja baada ya nyingine hadi wakapata kikundi kidogo cha seli kinachoanzisha mapigo. Ukimulika hapo moyo unasimama, ukizima unaendelea. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard wakarekodi mapigo ya kwanza kabisa ya uhai wa samaki, karibu saa 20 baada ya kurutubishwa. Wengi tulidhani moyo huamka kidogokidogo, seli hii leo na ile kesho. Haikuwa hivyo. Seli zote zilikuwa zikikaribia mpaka fulani kimyakimya, na mara moja wimbi likapita moyo mzima.

La moyo wa samaki huyu kukua upya mmelisikia redioni, kwa hiyo nitapita haraka. Mwaka 2002 Kenneth Poss na wenzake walikata hadi asilimia 20 ya chumba cha chini cha samaki mzima, na katika miezi miwili hivi kikaota tena. Binadamu aliyepata shambulio la moyo hubaki na kovu, na kovu halipitishi umeme ipasavyo. Kwangu mimi habari kubwa ilikuja mwaka 2010, pale ilipoonyeshwa kwamba msuli huo mpya huunganishwa na ule wa zamani kwa umeme ndani ya wiki mbili hadi nne. Nyama mpya isiyoshika mwendo wa wenzake ingekuwa hatari kuliko kovu.

Sasa mapungufu, maana nina wenzangu humu ambao hawatanisamehe nikiyaruka. Samaki huyu hana zile nyuzi maalumu za Purkinje zinazosambaza umeme katika vyumba vyetu vya chini. Kwake kazi hiyo hufanywa na vijiti vya msuli vilivyomo ndani ya chumba. Ukoo wake ulirudufu jenomu zamani sana, kwa hiyo jeni zetu nyingi zina nakala mbili kwake, na jeni linalofanya kazi kuu ya kutuliza seli zake si pacha halisi wa letu, ni binamu. Akiwa mzima, chumba chake cha chini hutumia pia aina ya mlango wa kalsiamu ambao chumba cha chini cha mtu mzima hakiutegemei. Tena hana mzunguko wa damu wa mapafu. Anayetaka kusoma shinikizo la damu kwenye mapafu na alete mnyama mwingine. Dawa ikipita kwa samaki haijapita kwa binadamu. Ikianguka kwa samaki, hiyo ni sababu nzuri ya kusimama na kuuliza maswali kabla ya kutumia pesa za watu.

Nifike nyumbani. Samaki huyu hupenda maji ya nyuzi 28.5 za Selsiasi. Maabara za Ulaya hulipa bili kubwa kuyapasha maji joto. Kisumu mchana hali ya hewa inatukaribisha hapo bila malipo, ingawa usiku utahitaji kifaa cha kupasha. Jike mmoja hutaga mayai mamia kwa mara moja, alfajiri taa zinapowashwa. Katika miezi mitatu watoto wake nao wanazaa. Hadubini za kufundishia tunazo. Simu ya kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde, na moyo unaopiga mara 150 kwa dakika hupiga mara mbili na nusu kwa sekunde. Hizo ni picha 12 kwa kila pigo, zinatosha kabisa kuona kama juu na chini vinakwenda sambamba. Hazitoshi kufuata wimbi lenyewe la umeme likipita, hilo linahitaji kamera ya mamia ya picha kwa sekunde na rangi maalumu. Lakini mbili kwa moja utaiona.

Kinachonipa wasiwasi ni stima, ile ya ukutani. Ikipotea usiku pampu zinasimama, na kufikia asubuhi huna samaki. Anayeandika ombi la fedha aanze na betri na sola kabla ya hadubini mpya. Na suala la huruma kwa wanyama tusilifanyie haraka: sheria za Ulaya huanza kumlinda samaki huyu anapoanza kujitafutia chakula, karibu siku ya tano, na majaribio mengi ya mapigo huisha kabla ya hapo. Sisi tuandike kanuni zetu mapema, tusingoje kuulizwa.

Jaribio la kwanza ningependa lifanywe na wanafunzi wa eneo hili, nalo ni la mitishamba. Kwinini na kwinidini zote zilitoka kwenye gome la mti mmoja, msinkona, na kwinidini ilifanya watu wazirai miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua hERG ni nini. Mti haujui kwamba unatakiwa kuwa salama kwa kuwa ni mti. Katika kaunti hizi mgonjwa humeza vidonge vya hospitali asubuhi na kikombe cha majani ya bibi jioni, na anayemhudumia hana njia ya kujua kama hivyo viwili vinagonga mlango mmoja. Chukueni majani ambayo watu wanayatumia kweli, kwa idhini ya waganga wanaoyajua na kwa makubaliano kwamba ujuzi ni wao. Yachemsheni kama yanavyochemshwa nyumbani. Wekeni kiasi kidogo kwenye kisahani chenye samaki wa siku mbili, kisahani cha pili kiwe na maji matupu, cha tatu kiwe na dawa ambayo tunajua inarefusha QT. Anayehesabu asijue kisahani kipi ni kipi. Hesabuni juu, hesabuni chini.

Nimeona daktari aliyeketi mstari wa mbele ameinua mkono tangu nilipotaja halofantrini. Tuanze na swali lake.